Kazi chumbani: Linda akili, macho na mgongo wako

Je, wewe msomaji ni miongoni mwa wale ambao asubuhi hawakimbilii matatu ya kwenda mjini, ila huvuta kiti, wakafunua cherehani au kompyuta, na kuanza kazi hatua mbili tu kutoka kitanda walichoamkia? Ikiwa ndivyo, makala ya leo inakuhusu.

Katika mitaa ya Eastlands kazi ya nyumbani si jambo geni. Fundi wa nguo wa Jericho hushona mbele ya dirisha lake. Mama wa Kayole hukanda unga wa mandazi kabla jogoo hajawika. Mwalimu wa Buruburu hufundisha watoto wa majirani sebuleni. Naye kijana wa Umoja hulipwa na watu wa ng'ambo kuandika kwa kompyuta mazungumzo yaliyorekodiwa, kazi ya aina ambayo serikali imekuwa ikiihimiza kupitia mpango wa Ajira Digital. Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliwahimiza waajiri wawaruhusu wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani, na makarani waliozoea meza za ofisini wakajikuta wanasukumana na watoto kwenye meza ya chakula. Baadhi yao hawajarudi ofisini hadi leo.

Watu hawa wote, ingawa kazi zao ni mbalimbali, wana malalamiko yanayofanana. Kichwa kinauma ifikapo alasiri. Macho yanawasha. Kiuno hakinyooki. Na zaidi ya yote, kazi haiishi: mtu huketi tangu asubuhi, jua likatua, na akitazama alichofanya haoni kitu. Wengi hujilaumu kwamba ni wavivu, na wenzao wa nyumbani wakawaunga mkono. Lakini mara nyingi uvivu haumo kabisa. Tatizo huwa ni hewa ya chumba, mwanga, kelele, na saa zisizo na mpangilio, mambo ambayo yanaweza kurekebishwa bila gharama kubwa.

Nyumba za kulala

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba nyumba nyingi za upande huu wa jiji hazikukusudiwa kazi. Wakati wa ukoloni Mwafrika mjini alitazamwa kama kibarua mpita njia, na makao yake yalipimwa kwa idadi ya vitanda. Makongeni na Muthurwa zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, ambao kazi yao ilikuwa kwingine. Nyumbani ni kulala tu. Hata baada ya uhuru mambo hayakubadilika sana. Mradi wa Dandora uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 1975 uligawa ploti kama 6,000, kila moja ikiwa na choo na bafu, mwenyewe akamalizia kujenga vyumba. Wengi walijenga vyumba vya kupangisha kuzunguka ua mmoja. Miaka ilivyopita ua ukapungua na ghorofa zikapanda, Dandora na Umoja pia, hata leo kuna vyumba ambavyo dirisha lake hutazama ukuta wa jirani na balbu huwashwa saa sita mchana.

Kwa sababu hiyo, ushauri unaotolewa katika vitabu vya ng'ambo, kwamba utenge chumba kimoja kiwe ofisi na ufunge mlango, haumfai mpangaji wa chumba cha futi 10 kwa 10 mwenye mke na watoto watatu. Chumba cha kutenga hana. Kitu pekee anachoweza kutenga ni saa. Chumba hicho hicho kinaweza kuwa karakana kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba, kikawa jiko na uwanja wa watoto jioni, na usiku kikarudi kuwa chumba cha kulala, mradi kila mtu nyumbani ajue mabadiliko hayo hufanyika saa ngapi.

Saa za kazi na watu wa nyumbani

Anza kwa kuchunguza siku yako kabla ya kuipanga. Kwa siku tatu, andika kwenye daftari kila kilichokuinua kitini na saa yake: maji yalirudi mferejini, mtoto alilia, jirani alikuja kuomba kiberiti, stima ilipotea, simu iliita. Bila shaka utagundua kwamba kuna saa mbili au tatu ambazo ploti hutulia. Aghalabu ni baada ya watoto kwenda shule na nguo kuanikwa, hadi karibu na chakula cha mchana. Hizo ndizo saa zako za dhahabu. Ziwekee kazi inayohitaji akili yote, kama vile kukata kitambaa cha mteja, kupiga hesabu au kuandika. Kazi ambazo mikono huzijua yenyewe, mathalani kutia vifungo, kupiga pasi au kufungasha mandazi, zisogeze hadi saa za vurugu.

Ikiwa mtaa wenu hupata maji kwa mgao, usipange kazi ngumu siku na saa ya maji. Hutashinda na mfereji.

Kisha zungumza na watu wa nyumbani. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa kwa desturi zetu mtu aliye nyumbani ni mtu aliye huru. Atatumwa dukani, ataachiwa mtoto wa shemeji "dakika mbili tu", atapelekewa wageni. Kwa akina mama mzigo huu ni mara mbili, maana mume akifanyia kazi nyumbani watoto huambiwa wanyamaze, lakini mke akishona nyumbani huambiwa aandae chai. Mjadala huo si wa gazeti kuamua. Hata hivyo, wanandoa wakae chini waonyeshane kwa pesa: saa za asubuhi huingiza shilingi ngapi, na zikivurugwa hupotea ngapi. Hesabu hiyo husikika pale ambapo malalamiko hayasikiki. Ukiwa na mtoto mchanga, tafuta angalau saa mbili za malezi kutoka kwa nyanya, jirani mnayezungukiana naye zamu, au kituo cha kulelea watoto ulichokikagua mwenyewe.

Majirani nao wapewe alama. Mlango wazi na pazia limefungwa juu, karibu tuzungumze. Pazia limeteremshwa, niko kazini. Baada ya wiki mbili ploti nzima itakuwa imezoea.

Utakatizwa tu, hata ufanye nini. Basi jifunze kukatizwa bila hasara kubwa. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mtu akihama kutoka kazi asiyoimaliza kwenda nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na kazi ya pili huathirika. Ndiyo maana baada ya kuitwa mara tano unaona kichwa kizito ingawa hujafanya kitu. Mnamo 2018 yeye na mwenzake Theresa Glomb walieleza dawa rahisi. Kabla ya kuinuka, chukua nusu dakika uandike mahali ulipofika na jambo la kwanza utakalofanya ukirudi. "Mkono wa kushoto umeshonwa, bado kola." Akili ikishajua kwamba neno hilo limehifadhiwa, huliachilia. Fundi anaweza kutumia chaki juu ya kitambaa chenyewe.

Simu ni mgeni asiyebisha hodi. Kwa saa zile mbili za dhahabu izime sauti uiweke mbali, juu ya kabati ikiwezekana. Ikiwa wateja wako hupiga kupitia simu hiyo hiyo, waambie utawajibu saa nne na saa sita. Mteja wa kweli hakimbii kwa sababu hiyo.

Kelele

Si kila kelele hudhuru sawa. Wachunguzi wa mambo ya akili wamethibitisha kwa miaka mingi kwamba sauti ya watu wakizungumza huvuruga kazi ya kusoma, kuandika na kuhesabu kuliko mngurumo wa kawaida, hata kama hatuna nia ya kusikiliza. Kwa hiyo redio ya mazungumzo na mabishano, inayomchangamsha fundi anayeshona pindo, humharibia karani anayejumlisha hesabu katika chumba hicho hicho. Anayeandika achague muziki usio na maneno au kimya. Kukaa mbali na ukuta unaopakana na jirani mwenye televisheni pia husaidia, vivyo hivyo kutundika blanketi nzito juu ya ukuta huo.

Kuhusu spika za maduka, baa na makanisa, ziko kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, na malalamiko yanaweza kupelekwa kwa NEMA au kwa serikali ya kaunti. Lakini kwa maoni yangu mazungumzo ya heshima na mwenye spika, mkiwa wapangaji wanne au watano, huzaa matunda haraka zaidi.

Mwenye kazi ya kusoma au ya kompyuta asisahau maktaba. Buruburu ipo ya Huduma za Maktaba za Kitaifa, na Kaloleni na Makadara yapo matawi ya maktaba ya McMillan ambayo shirika la Book Bunk lilisimamia ukarabati wake. Asubuhi mbili kwa wiki katika mahali pa kimya zaweza kuokoa kazi ya wiki nzima.

Hewa kabla ya kahawa

Ukishikwa na usingizi, kichwa kizito na kichefuchefu kidogo ukiwa kazini chumbani, usikimbilie kahawa. Tazama kwanza jiko. Jiko la makaa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anayeivuta kidogo kidogo huona uchovu, maumivu ya kichwa na mawazo kutawanyika, na akivuta nyingi huzimia na kufa. Maharagwe yanayochemka tangu saa tatu asubuhi ndani ya chumba kilichofungwa ni adui wa kazi yako, na ni adui wa maisha yako pia. Pikia nje au ushorobani palipo wazi, na usiingize jiko ndani kwa ajili ya joto miezi ya baridi ya Juni na Julai. Ukiona dalili hizo, toka nje mara moja, watoe na wengine waliomo. Zisipoisha upesi nenda hospitali.

Fungua dirisha na mlango ili hewa ipite. Wanaoishi karibu na jaa la Dandora wana shida ya pekee, kwani moshi wa taka nao ni sumu. Wao wafungue saa ambazo upepo umehama, na wafunge moshi unapoelekea kwao.

Kiti, meza na kitanda

Kitanda ndicho kiti cha wengi wetu, lakini hakifai. Ukiandika ukiwa umejikunja juu ya godoro, shingo huinama na mgongo hupinda kama upinde. Isitoshe, mwili uliozoea kufanya kazi kitandani huchelewa kupata usingizi hapo hapo.

Kiti chochote cha mbao kinatosha kikitengenezwa. Nyayo ziguse chini kikamilifu. Kama hazifiki, weka kreti ya soda au tofali. Kunja leso uiweke nyuma ya kiuno. Viwiko viwe sawa na meza, mabega yasipande masikioni. Kompyuta ya mapajani iinuliwe juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo chake ulingane na macho, nawe utumie kibodi ya kuchomeka, ambayo huuzwa kwa bei nafuu ikiwa imeshatumika. Fundi wa cherehani ya kukanyaga asogeze kiti karibu ili asiinamie sindano, na abadilishe mguu unaokanyaga.

Walakini hata kiti kizuri kinadhuru ukikikalia saa nne mfululizo. Simama kila baada ya nusu saa. Nyosha mikono juu, zungusha mabega, tembea hadi lango la ploti. Macho nayo yapumzishe kwa kutazama kitu kilicho umbali wa futi 20 hivi kwa sekunde 20, kila baada ya dakika 20. Paa la nyumba ya ng'ambo ya barabara linatosha.

Jambo moja ambalo wafanyakazi wa nyumbani wamelikosa bila kujua ni ile safari ya kwenda kazini. Kwa hiyo ifanye hata kama huendi popote. Vaa, toka, zunguka mtaa kwa dakika 15, kisha uingie "kazini". Jioni funika cherehani, tembea tena dakika 15, urudi "nyumbani". Kwa siku tano umepata dakika 150, kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima kwa wiki, mradi utembee kwa kasi. Zaidi ya hayo, watoto wataona kwamba kazi imekwisha.

Chai. Ukiwa karibu na birika ni rahisi kupitisha kipimo. Vikombe vitano kwa siku vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni vijiko 15, yaani kama gramu 60, na bado hujala andazi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana iwe nusu yake. Weka chupa ya maji mezani.

Usiku wa wateja wa ng'ambo

Vijana wa kazi za mtandaoni wana tatizo lao. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi au saa kumi na moja jioni ya Nairobi, kulingana na majira ya huko, na ofisi zao zikifungwa kwetu ni saa sita au saa saba za usiku. Kijana huyu hulala saa nane, kisha saa kumi na mbili matatu zinapiga honi na muuza maziwa anabisha. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi, na deni la usingizi hulipwa kwa makosa ya kazi. Afadhali uchague siku tatu za usiku ulale asubuhi yake kwa mpango, dirisha likiwa na pazia jeusi na masikio na pamba safi, kuliko kukesha kila siku nusu nusu.

Hesabu pia jumla ya saa zako za wiki, maana anayefanyia kazi nyumbani hana kengele ya kumrudisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa matokeo kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wako katika hatari zaidi kwa asilimia 35 ya kupata kiharusi, na asilimia 17 zaidi ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo, wakilinganishwa na wanaofanya saa 35 hadi 40. Najua fundi mwenye oda za sare za shule mwezi Desemba atacheka akisoma haya. Basi angalau zisiwe saa 55 kila mwezi wa mwaka.

Macho baada ya miaka 40

Limebaki jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, kwa sababu huwatoa watu katika kazi zao kabla ya wakati. Kila binadamu akikaribia au kupita miaka 40, kioo cha jicho huanza kuwa kigumu, na vitu vya karibu havionekani sawasawa. Fundi huanza kumwita mtoto amtungie uzi sindanoni. Halafu anakosea mishono, anafanya polepole, anaacha vitambaa vyeusi, na mwishowe anasema kazi imemshinda. Kumbe dawa yake ni miwani rahisi ya kusomea.

Si maneno matupu. Mwaka 2018 kulichapishwa utafiti uliofanyiwa wachuma chai 751 wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 au zaidi. Waliopewa miwani walizidisha kazi yao kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Mwaka 2024 ukafuata mwingine kutoka Bangladesh, ukiwahusisha mafundi na wafanyakazi wengine wa mikono wa vijijini: baada ya miezi minane mapato ya waliopewa miwani yalikuwa juu kwa karibu theluthi moja kuliko ya wenzao. Hakuna mafuta ya cherehani wala kompyuta mpya iwezayo kumpa fundi wa Kariobangi faida hiyo kwa bei ya miwani.

Miwani hiyo huuzwa hata kando ya barabara. Lakini kabla ya kuinunua pimwa macho, kwa kuwa kisukari na presha ya macho vyaweza kuharibu uwezo wa kuona kimyakimya, na muuza miwani wa barabarani hawezi kuvitambua. Ulizia katika kituo cha afya kilicho karibu nawe siku ya kliniki ya macho, au upelekwe Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Na ukiwa huko mweleze mhudumu pia ikiwa kidole gumba na viwili vinavyofuata hufa ganzi usiku, au ikiwa maumivu ya kiuno hushuka hadi chini ya goti. Maumivu ya kiuno yanayoambatana na kushindwa kuzuia mkojo au miguu kulegea hayangoji kliniki; nenda siku hiyo hiyo.

Sasa shika gazeti hili kama unavyolishika kila siku, kando ya dirisha, bila kunyoosha mkono. Ikiwa imekubidi ulisogeze mbali ndipo herufi hizi zisomeke, hiyo safari ya kupimwa macho iwe ya wiki hii.